Milinganyo sawia: kuondoa herufi moja bila kupotea kwenye alama

Kwa mama lishe, meza ya kwanza imekula chapati 3 na vikombe 2 vya chai, ikalipa shilingi 2,300. Kwa habari hiyo peke yake huwezi kujua bei ya chapati. Huenda chapati ni 500 na chai 400. Huenda ni 700 na 100, au 300 na 700. Zote zinafika 2,300. Meza ya pili imekula chapati 2 na vikombe 3, ikalipa 2,200. Hapo jozi ya 700 na 100 inaanguka, maana ingetoa 1,700. Ya 300 na 700 nayo inaanguka, maana ingetoa 2,700. Inabaki 500 na 400.

Ndiyo maana ya "sawia": milinganyo miwili ambayo lazima iwe kweli kwa wakati mmoja, kwa namba zilezile. Njia zote zinazofundishwa kwa milinganyo hii zina kazi moja, kuondoa herufi moja ili ibaki moja tu ya kutafuta. Na wanaokosa hesabu hizi mara chache hukosa njia. Wanakosa alama ya kutoa, au wanazidisha upande mmoja wa mlinganyo na kuusahau wa pili.

Herufi ni namba, si kitu

Kabla ya kuandika mlinganyo wowote, andika kwa maneno kila herufi inasimama badala ya nini: "c = bei ya chapati moja kwa shilingi", "k = bei ya kikombe kimoja cha chai kwa shilingi". Usiandike "c = chapati". Tofauti inaonekana ndogo, lakini ndipo makosa mengi ya mafumbo ya maneno yanapozaliwa.

Chukua sentensi hii: shule ina wanafunzi mara 40 ya walimu. Wengi huandika 40w = m, kwa kufuata mpangilio wa maneno, wakisoma w kama "wanafunzi" na m kama "walimu". Jaribu kwa namba halisi. Walimu wakiwa 10, wanafunzi ni 400. Weka: 40 × 400 ni 16,000, wala si 10. Mlinganyo sahihi ni w = 40m, kwa sababu w ni idadi ya wanafunzi, na idadi hiyo ndiyo kubwa. Jaribio hilo la namba mbili za kubuni huchukua sekunde kumi. Lifanye kila mara.

Kisha panga. Milinganyo haiji ikiwa imenyooka. Unaweza kupewa hii:

3y = 5x − 21
2x = 20 + 7y

Hamisha mpaka x iwe chini ya x, y chini ya y, na alama ya sawasawa chini ya mwenzake:

5x − 3y = 21 … (1)
2x − 7y = 20 … (2)

Usiruke hatua hii hata kama unaona unaweza kuimaliza kichwani. Safu zikipinda, utajumlisha x na y bila kujua.

Njia ya kuondoa

Tuendelee na hiyo hiyo. Amua kwanza herufi ya kuiondoa. Mbele ya x kuna 5 na 2, na kigawe chao kidogo cha shirika (KDS) ni 10. Mbele ya y kuna 3 na 7, KDS ni 21. Chagua x, namba zitakuwa ndogo. (Kama herufi moja tayari ina alama tofauti, chanya huku na hasi kule, mara nyingi inafaa kuipendelea hata kama KDS yake ni kubwa kidogo, kwa sababu utajumlisha badala ya kutoa.) Na ni KDS, si kuzidisha tu namba mbili: zikiwa 4 na 6, tafuta 12, usiende 24.

Zidisha (1) kwa 2 na (2) kwa 5, kila kitu, pamoja na namba iliyo kulia:

10x − 6y = 42 … (3)
10x − 35y = 100 … (4)

Alama za 10x zinafanana, hivyo tunatoa: (3) toa (4). Hapa simama kidogo, maana hapa ndipo watu huanguka. Kwenye safu ya y tunatoa hasi 35y kutoka hasi 6y:

−6y − (−35y) = −6y + 35y = 29y

Kulia: 42 − 100 = −58. Basi 29y = −58, na y = −2.

Aliyesahau mabano ameandika −6y − 35y = −41y, akapata y = 58/41. Jibu la namna hiyo kwenye swali la darasani linanuka. Halijathibitika kuwa kosa, lakini rudi kwenye mstari wa kutoa kabla ya kuendelea.

Dawa yake ni kuacha kutoa kabisa. Badala ya kuzidisha (2) kwa 5, izidishe kwa −5:

10x − 6y = 42
−10x + 35y = −100

Sasa jumlisha safu kwa safu: 29y = −58. Alama zote za mstari wa pili zimegeuzwa mara moja, zikiwa wazi machoni, badala ya kugeuzwa moja moja kichwani wakati wa kutoa. Ukimfundisha mtu anayepotea kwenye hasi, mfundishe hivi tangu mwanzo.

Tafuta x kwa kurudisha y = −2 kwenye mlinganyo rahisi zaidi, tuseme (2):

2x − 7(−2) = 20
2x + 14 = 20
x = 3

Kosa jingine la hatua ya kuzidisha ni kuandika 10x − 6y = 21, yaani kushoto kumezidishwa, kulia kumeachwa. Huo si mlinganyo uleule tena. Ni sawa na kuagiza chapati mara mbili na kulipa bili ya mwanzo.

Mara nyingine kuna mkato. Turudi kwa mama lishe: 3c + 2k = 2,300 na 2c + 3k = 2,200. Namba 3 na 2 zimebadilishana nafasi. Jumlisha milinganyo yote miwili: 5c + 5k = 4,500, yaani c + k = 900. Toa wa pili kwenye wa kwanza: c − k = 100. Jumlisha hizo mbili mpya: 2c = 1,000. Chapati 500, chai 400, bila kuzidisha chochote.

Hakiki kwenye mlinganyo ambao hukuutumia

Tumepata x kutoka (2). Uhakiki ufanyike kwenye (1):

5(3) − 3(−2) = 15 + 6 = 21

Sawa. Kwa nini si (2)? Kwa sababu x imetengenezwa ili (2) iwe kweli. Hata yule wa y = 58/41 akirudisha kwenye (2) atapata x fulani, na akihakiki kwenye (2) hiyohiyo itakubali vizuri kabisa. (2) itakubali y yoyote utakayoiletea, kwa sababu wewe mwenyewe umeichagua x ya kuiridhisha. Ni (1) ndiyo itakayomkataa. Ukitaka uhakika kamili, weka jibu kwenye milinganyo ya mwanzo kabisa, kabla hujahamisha kitu, maana kosa la kuhamisha halionekani kwenye (1) wala (2).

Njia ya kupachika

Itumie herufi moja ikiwa tayari imesimama peke yake, au ina 1 mbele yake. Nje ya hapo inaleta sehemu zisizo na lazima, na njia ya kuondoa ni nafuu.

y = 2x − 5
3x − 4y = 10

Palipo na y kwenye mlinganyo wa pili, pachika 2x − 5, na uiweke ndani ya mabano hata kama unaona hayana kazi:

3x − 4(2x − 5) = 10
3x − 8x + 20 = 10
−5x = −10
x = 2, kisha y = 2(2) − 5 = −1

Mabano yana kazi. Bila hayo −4 inazidisha 2x peke yake, au −4 mara −5 inaandikwa −20, na x inakuwa −6.

Kuna mtego mwingine wa kuchekesha kidogo. Kama ulipata y kutoka mlinganyo wa kwanza, ukaipachika kwenye wa kwanza huohuo, herufi zote zitafutika na kubaki kitu kama 5 = 5. Hukukosea hesabu, ila umeuliza swali ambalo ulishajijibu. Pachika kwenye mlinganyo wa pili.

Sehemu na desimali: ziue kwanza

x/2 + y/3 = 5
0.5x − 0.2y = 0.2

Usianze kuondoa herufi huku sehemu zipo. Mlinganyo wa kwanza uzidishe wote kwa KDS ya asili zake (namba za chini ya sehemu, 2 na 3), yaani 6: inakuwa 3x + 2y = 30. Wa pili uzidishe wote kwa 10: 5x − 2y = 2. Jumlisha: 8x = 32, x = 4, na y = 9. Kazi iliyokuwa inatisha imekwisha kwa mistari mitatu.

Angalia desimali zenye urefu tofauti. Kwenye 0.5x − 0.25y = 1, zidisha kwa 100 mlinganyo mzima, upate 50x − 25y = 100. Anayefuta nukta tu anapata 5x − 25y, ambayo ni habari nyingine kabisa.

Jibu likikosekana, au likiwa mengi mno

Wakati mwingine unafanya kila kitu sawasawa na herufi zote mbili zinapotea. Kwa mfano 2x − 3y = 4 na 6x − 9y = 10. Zidisha wa kwanza kwa 3: 6x − 9y = 12. Toa: 0 = 2. Huo ni uongo, na maana yake hakuna jozi ya namba inayoridhisha yote miwili. Kwenye grafu hii ni mistari sambamba isiyokutana. Kama wa pili ungekuwa 6x − 9y = 12, ungepata 0 = 0: ni mlinganyo uleule umevaa nguo nyingine, na majibu hayana idadi.

Kwa mama lishe: meza ya tatu ikila chapati 6 na vikombe 4 na kulipa 4,600, haijakuambia kitu kipya kuliko meza ya kwanza. Ikilipa 4,500, ama imepunguziwa ama hesabu ya bili ina kasoro, maana hakuna bei moja inayotosheleza meza zote mbili.

Unaweza kugundua hali hii kabla hujaanza. Zidisha kwa kukatiza: namba ya x ya kwanza mara namba ya y ya pili, toa namba ya x ya pili mara namba ya y ya kwanza. Kwa mfano huu, 2(−9) − 6(−3) = −18 + 18 = 0. Ikitoka sifuri, jibu ama halipo ama ni mengi. Isipotoka sifuri, jibu ni moja tu.

Tofauti hiyohiyo ndiyo msingi wa kanuni ya mwanahisabati Gabriel Cramer wa Geneva, aliyoichapisha mwaka 1750. Kwa mfano wetu wa 5x − 3y = 21 na 2x − 7y = 20, tofauti ni 5(−7) − 2(−3) = −29. Kwa x, toa safu ya x uweke safu ya majibu: 21(−7) − 20(−3) = −87. Gawanya: −87/−29 = 3. Kwa y, weka majibu mahali pa safu ya y: 5(20) − 2(21) = 58, na 58/−29 = −2. Ni njia nzuri jibu likiwa sehemu mbaya kama 17/23. Kwa anayeanza, ibaki kuwa ya kuhakiki, kwa sababu haionyeshi kinachoendelea.

Grafu, kwa upande wake, inaonyesha kinachoendelea lakini haitoi jibu sahihi zaidi ya macho yako. Chora 2x + y = 8 kwa (0, 8) na (4, 0), kisha x − y = 1. Ukiuchora huu wa pili kwa (0, −1) na (1, 0), nukta ziko karibu mno. Rula ikiyumba kidogo, mstari utakuwa umepotea sana ukifika mbali. Ongeza nukta ya mbali kama (6, 5). Mistari itakatana kwenye (3, 2).

Mafumbo ya maneno

Umri. Mama ana umri mara 4 ya mtoto. Baada ya miaka 16 atakuwa na umri mara 2 ya mtoto. Sasa hivi m = 4t. Baada ya miaka 16 wote wawili wamekua: m + 16 = 2(t + 16). Makosa ni mawili, na yote yanajirudia: kumwongezea miaka mmoja tu, au kuandika 2t + 16 kwa kusahau mabano. Pachika: 4t + 16 = 2t + 32, t = 8, m = 32.

Pesa. Una noti 23, za shilingi 5,000 na 10,000, jumla 165,000. Mlinganyo mmoja ni wa idadi, mwingine wa thamani, usivichanganye. Kwa a noti za 5,000 na b za 10,000: a + b = 23, na 5,000a + 10,000b = 165,000. Gawanya huo wa pili wote kwa 5,000 kabla ya kitu kingine: a + 2b = 33. Toa: b = 10, a = 13. Ukipata noti 7 na nusu, usihangaike na kanuni, rudi usome swali.

Mwendo. Boti inashuka na mto kilomita 30 kwa saa 2, inapanda umbali uleule kwa saa 3. Kasi ya maji inaongezwa kwenye kasi ya boti ikishuka, inapunguzwa ikipanda: b + m = 15, b − m = 10. Boti kilomita 12.5 kwa saa, maji 2.5. Kosa hapa ni kuandika 2b + m = 30, kana kwamba maji yanaisukuma boti kwa saa moja tu.

Herufi tatu

Kitabu cha kale cha hisabati cha China, ambacho mwanahisabati Liu Hui alikiandikia ufafanuzi mwaka 263, kina sura nzima ya hesabu hizi. Swali lake la kwanza ni la mafungu ya nafaka ya daraja tatu: ya juu, ya kati na ya chini. Kwa herufi zetu:

3x + 2y + z = 39 … (1)
2x + 3y + z = 34 … (2)
x + 2y + 3z = 26 … (3)

Kanuni ni hii: chagua herufi moja, uiondoe mara mbili kutoka jozi mbili tofauti. Herufi ileile. Anayeondoa z kwenye jozi ya kwanza na x kwenye jozi ya pili amebaki na herufi tatu bado, na anazunguka palepale.

Tuondoe z. (1) toa (2): x − y = 5. Kisha (1) mara 3, toa (3): 8x + 4y = 91. Sasa ni herufi mbili za kawaida. Pachika x = y + 5: 12y + 40 = 91, y = 51/12, yaani 4¼. Kisha x = 9¼, na kutoka (1), z = 39 − 27¾ − 8½ = 2¾. Hakiki kwenye (3): 9¼ + 8½ + 8¼ = 26. Ona kwamba sehemu si dalili ya kosa kila mara. Ndiyo sababu tunahakiki badala ya kukisia.

Wachina hao walihesabu kwa vijiti walivyovipanga kwa safu ubaoni, na Liu Hui anaeleza vijiti vyekundu kwa chanya na vyeusi kwa hasi. Mwanafunzi anayepoteza hasi anaweza kuazima wazo hilo: andika kila alama ya hasi kwa kalamu ya rangi nyingine kwa wiki moja.

Mlinganyo mmoja ukiwa na kipeo cha pili

x² + y² = 25
y = x + 1

Hapa kupachika ndiyo njia. x² + (x + 1)² = 25. Fungua mabano kwa ukamilifu: (x + 1)² ni x² + 2x + 1, si x² + 1. Inakuwa 2x² + 2x − 24 = 0, gawanya kwa 2: x² + x − 12 = 0, yaani (x + 4)(x − 3) = 0. Basi x = 3 au x = −4.

Kutafuta y, rudi kwenye mlinganyo wa mstari mnyoofu, y = x + 1: jozi ni (3, 4) na (−4, −3). Ukirudi kwenye ule wa kipeo cha pili, x = 3 itakupa y² = 16, na utaandika y = 4 au y = −4. Lakini (3, −4) haipo kwenye mstari: 3 + 1 si −4. Na andika majibu kwa jozi. Ukiandika "x = 3, −4 na y = 4, −3" bila kuonyesha nani anakwenda na nani, msomaji hawezi kujua kama 3 yako inakwenda na 4 au na −3.